Mama ameambiwa grisi ya magoti imekwisha. Akae au atembee?

FundiCherehani

Habari za jioni wana jukwaa. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga mjini. Mama yangu, miaka 61, yuko kijijini juu ya Lushoto, kule ambako shamba liko bondeni na nyumba iko mlimani, kwa hiyo maisha yote ni kupanda na kushuka. Tangu nipate akili namwona anabeba viazi kichwani mpaka barabarani. Miaka miwili iliyopita goti la kulia likaanza kumsumbua, hasa akiwa anashuka. La kushoto nalo likafuata, ila la kulia ndilo baba lao. Asubuhi akiamka miguu imekaza, akijikongoja kama dakika kumi inalegea. Akikunja goti, ukiweka kiganja juu yake unasikia kitu kinasagika ndani, kama mtu anatafuna karanga chumba cha pili.

Tulimpeleka hospitali, akapigwa eksirei. Daktari akasema nafasi kati ya mifupa imepungua, akampa diklofenaki, vidonge vya maumivu, na kumwambia apunguze uzito (ana kilo 84, na ni mfupi). Hakukaa naye hata dakika tano, lakini foleni niliiona kwa macho yangu, simlaumu.

Sasa balaa lilipoanzia. Siku moja ya gulio akaja mtu na gari lenye spika, anapima watu kwa kamashine. Unashika kijiti cha chuma kama dakika moja, kompyuta inatema makaratasi. Ya mama ikasema ute wa magoti umebaki asilimia 12. Akauziwa makopo matatu ya unga kwa shilingi 240,000, karibu hela yote ya karoti za msimu ule, na akapewa masharti: asipande mlima, asisimame sana, akae, maana kila hatua anasaga grisi iliyobaki. Jirani naye akaongeza lake: bamia zilowekwe usiku kucha, maji yake anywe asubuhi kabla hajatia kitu kinywani.

Mama ni mtiifu. Amekaa. Mwezi wa tano huu yuko kwenye kiti barazani. Wiki iliyopita nilipanda kumwona, na nilipomsaidia kuoga nikashtuka: paja la kulia limenyauka, limekuwa jembamba kuliko la kushoto, halafu tumbo na kiuno vimeongezeka. Kunyanyuka mpaka avutwe mikono. Kusali, kitini. Akaniambia, "Mwanangu, nakaa kama nilivyoambiwa, mbona naharibika hivi hivi nimekaa?" Sikuwa na jibu.

Naomba kujua: grisi huwa inakwisha kweli? Ikishakwisha inarudi? Na akae au atembee? Niko tayari kumleta mjini akachomwe sindano kama ndiyo dawa, nina akiba kidogo. Kingine, anatumia dawa ya presha. Wenye ujuzi naomba msaada. Wale wa "nitafute pembeni nina dawa", nipitieni mbali.

SupuYaAsubuhi

Pole dada. Mimi nauza makongoro mwaka wa kumi na moja huu, na wazee wanaonijia alfajiri wote ni magoti. Kongoro likichemka usiku kucha, ule urojo unaoganda kwenye bakuli likipoa ndio huo huo ute wa magoti, hakuna mwingine. Mpe mama bakuli moja kila siku, ndimu na pilipili kwa mbali, mwezi mmoja utakuja kunishukuru. Sisemi kwa sababu nauza. (Nauza, lakini sisemi kwa sababu hiyo.)

MzeeWaViungo

FundiCherehani mwanangu, pole, na mfikishie mama salamu zangu. Nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka 34. Nimestaafu, sasa nafuga kuku Moshi na kubishana na watu humu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu kosa alilofanyiwa mama yako nimewahi kulifanya mimi, tena nikiwa nimevaa koti jeupe.

Kwanza nenda buchani. Sikutanii. Mwombe muuza nyama goti la mbuzi aliyechinjwa leo, alifungue mbele yako. Utaona ncha ya mfupa imevikwa kitu cheupe chenye buluu kwa mbali, kinang'aa kama sahani ya kauri iliyotoka kuoshwa. Hilo ndilo gegedu. Pitisha kidole, hakishiki. Mteremsho ule unashinda barafu juu ya barafu. Libonyeze kwa ukucha, linabonyea kidogo na kurudi. Halafu likate kwa kisu kikali, mpaka kwenye mfupa, utazame ukingo wa mkato. Mfupa chini utakuwa mwekundu, una damu yake. Gegedu juu yake ni jeupe tupu mpaka mwisho. Hamna mshipa wa damu hata mmoja humo, na hamna mshipa wa fahamu. Beba mambo hayo mawili, tutayarudia.

Sasa kitu kisicho na damu kinakula nini? Kinakula kwa kukamuliwa.

Chukua dodoki la kuogea. Ni mtandao wa nyuzi, sivyo? Gegedu nalo ni mtandao wa nyuzi, za protini iitwayo kolajeni, na katikati ya nyuzi kuna vitu vinavyovuta maji kwa nguvu sana, kiasi kwamba kama asilimia 70 ya uzito wake ni maji. Lichovye dodoki kwenye beseni, likamue, liachie. Ukilikamua linatoa, ukiliachia linanyonya. Mama yako akikanyaga, uzito wake unalikamua gegedu, maji yanatoka na taka zake. Akinyanyua mguu, linanyonya ute wa kiungo wenye sukari na oksijeni, na chembe hai chache zinazoishi humo, kila moja peke yake kama boma la mfugaji porini, zinapata riziki. Kanyaga, nyanyua, kanyaga, nyanyua. Hiyo ndiyo sahani ya gegedu, halina nyingine. Dodoki ulilolitundika ukutani unajua linavyokuwa baada ya wiki. Watu waliopooza miguu walishapimwa, na gegedu la magoti yao linakonda, ilhali hawajapiga hata hatua moja ya kusaga chochote.

Kwa hiyo yule bwana wa spika amemfungia mama yako goti lisile, miezi mitano.

Ile habari ya grisi. Ute upo, huo si uongo, lakini haukai goti zima kama oili ndani ya injini, kwamba ulijazwa siku ya kuzaliwa na unapungua kila mwaka. Unatengenezwa na utando unaozunguka kiungo, unatengenezwa leo na utatengenezwa kesho. Na ni mchache ajabu: ute wa goti zima la mtu mzima hata kijiko cha chai haukijazi. Hapa ndipo nilipocheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Goti lililochakaa mara nyingi lina ute *uliozidi*. Jioni mtazame mama juu kidogo ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti: kama pamejaa na ukipabonyeza panacheza kama mfuko wa maji, huo ndio ute alioambiwa umekwisha. Na hakuna kijiti cha chuma duniani, ukikishika mkononi, kinachoweza kuhesabu ute wa gotini.

Kinachopungua ni gegedu lenyewe. Unene wake sehemu nyingi za goti ni milimita 2 mpaka 4 tu. Nyuma ya kilegesambwa ndipo nene kuliko kote. Kwenye eksirei halionekani. Daktari anaona mifupa miwili na uwazi katikati, na uwazi ule ndio gegedu. Ukipungua, anajua limekonda. Alimwambia kweli.

Linarudi? Sikudanganyi. Mwaka 1743 tabibu Mskoti aliyekuwa London, William Hunter, aliandika kwamba gegedu likishaharibika halirudi tena, na mpaka leo hatujapata cha kumjibu kinachoeleweka. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark wakalipima kwa njia ambayo mimi naona ni ya kichawi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliacha kaboni ya aina ya pekee hewani, ikaingia kwenye mimea, ikaingia kwa watu, kiasi tofauti kila mwaka. Wakaitafuta kwenye magegedu ya magoti. Wakakuta kolajeni ya mtu mzima haibadilishwi kabisa: uliyo nayo uzeeni ni ile ile uliyojengewa ukiwa unakua. Mama yako anatembelea (alikuwa anatembelea) kolajeni aliyoisuka akiwa binti.

SupuYaAsubuhi, mdogo wangu, supu yako ningeinywa hata sasa hivi. Lakini kolajeni ya kongoro ikifika tumboni inakatwakatwa vipande vidogo kama protini ya maharage, mwili haukumbuki kwamba ilitoka mguuni kwa ng'ombe. Ingekuwa hivyo, walaji wa ubongo wangekuwa maprofesa. Bamia ni hivyo hivyo: ute wake unaishia utumboni, unalainisha choo, Mungu azibariki. Azile na ugali. Na yale makopo, mengi yana glukosamini na kondroitini. Wamarekani waliyajaribu kwa wagonjwa 1,583, matokeo yakatoka 2006: kwa ujumla waliopewa dawa hizo na waliopewa vidonge vitupu maumivu yao hayakupishana kwa maana yoyote. Kwa 240,000 ningemnunulia kiti imara chenye mikono na viatu vya soli pana, na chenji ingebaki.

Sasa rudi kwenye lile jambo la pili nililosema ubebe. Gegedu halina mshipa wa fahamu. Haliumi! Mama yako anaumwa nini basi? Anaumwa mfupa ulio chini yake, utando uliovimba, kano zilizochoka, na msuli wa paja ulioacha kazi goti likabaki linapokea kila kishindo peke yake. Hivi vyote vina damu. Vyote vinaweza kupata nafuu. Ndiyo maana nimeona watu wenye eksirei za kutisha wanacheza ngoma, na wengine wenye eksirei safi wanalia ngazini. Gegedu si lazima lirudi ili mama arudi.

Lile kosa langu. Nikiwa kijana kazini nilipata akina mama wawili, wote wachuma kahawa wa mlimani, magoti yao yanafanana kama mapacha. Nikawaambia wote wawili wapumzike, wasipande wala kushuka. Ndivyo tulivyokuwa tunasema. Mmoja akatii. Mwingine akaniuliza kama nimewahi kuona kahawa inachumwa na mtu aliyekaa, akaondoka. Baada ya mwaka yule mtiifu aliletwa ameshikwa na wanawe huku na huku. Yule mbishi alikuja kuniletea mkungu wa ndizi, kwa miguu. Nikajiambia ni bahati yake. Ilinichukua miaka kukubali kwamba bahati haikuhusika, na yule wa kwanza sikupata nafasi ya kumwomba radhi.

Mfanye hivi. Usianze na kutembea, paja limenyauka, atakata tamaa siku ya kwanza. Anza kitandani. Viringisha kanga mbili ziwe kama mchi wa kutwangia, nene hivyo, weka chini ya goti mguu ukiwa umenyooka. Aisukume kanga chini kwa nyuma ya goti mpaka paja likakamae, uhesabu tano, alegeze. Mara kumi, kila mguu, asubuhi na jioni. Weka kiganja chako juu ya paja. Siku za mwanzo utasikia linatetemeka kama kuku aliyeshikwa. Ni sawa. Wiki inayofuata, kaa-simama: kiti kirefu kidogo, weka mto juu yake kama ni kifupi, anyanyuke na kukaa *polepole*. Kukaa polepole ndilo zoezi lenyewe, wengi wanajitupa. Aanze kwa kushika mikono ya kiti, mara tano zinatosha. Halafu njia ya tambarare, dakika tano kwenda na kurudi, mara mbili kwa siku, na wiki hadi wiki mnaongeza.

Litauma kidogo, mwambie mapema asije akadhani anasaga. Kipimo changu ni kesho yake. Kama maumivu ya zoezi yametulia mpaka asubuhi inayofuata, aendelee. Kama goti limeamka limevimba kuliko jana, amezidisha, apunguze nusu. Asiache.

Uzito. Berlin waliweka vipimo ndani ya magoti ya bandia, wakawatembeza wenye magoti hayo. Kwenye tambarare goti linabeba kama mara mbili na nusu ya uzito wa mtu. Kwenye kushuka ngazi, karibu mara tatu na nusu. Piga hesabu: kilo 84 akishuka ni karibu 290 juu ya goti moja, na hapo viazi havijapanda kichwani. Ndiyo maana kwake shida ilianzia mteremkoni. Na utafiti mwingine ulikuta kila kilo moja anayopunguza mtu, goti linatuliwa kama kilo nne kwa kila hatua. Akipunguza tano tu, ni gunia dogo limetoka pale. Chai ya sukari vijiko vinne ya kule milimani mnaijua wenyewe.

Fimbo ashike mkono wa *kushoto*, kwa kuwa goti bovu ni la kulia. Watu wote wanashika upande unaouma, nimewasahihisha miaka 34 na bado. Kusali kitini asione haya, na siku akiweza kushuka chini atashuka.

Diklofenaki na presha haviendani. Ikiliwa kila siku inaweza kupandisha presha, kugusa figo, hata kutoboa tumbo. Mrudishe kwa daktari, mwambie wazi anatumia na dawa ya presha, muulize kuhusu ya kupaka. Na ukiona goti limekuwa jekundu la moto na ana homa, au limejifunga ghafla halikunjuki, au shavu la mguu limevimba na linauma, usinisubiri mimi wala jukwaa, mpeleke siku hiyo hiyo. Vidole vya mikono yote vikianza kukaza asubuhi zaidi ya saa nzima, huo ni ugonjwa mwingine, na una dawa zake nyingine kabisa.

Nimechoka kuandika. Kuku wangu hawajala.

WingaMstaafu

Mzee shikamoo. Nimesoma yote mpaka mwisho, mara mbili. Mimi nilicheza mpira ridhaa mpaka miaka 33, goti la kushoto sasa ni redio, linapiga kila nikichuchumaa. Kuna mahali niliambiwa nifanyiwe upasuaji wa kuingiza bomba wasafishe goti. Kwingine wakanichoma sindano, nikapona kabisa kama wiki sita, ikarudi, wakachoma tena, ikarudi. Wananiita ya tatu. Nichomwe? Na mlio huu si ndio mifupa inasagana? Mke wangu anasema nikimbie kukimbia.

MzeeWaViungo

Marahaba. Mke wako anakutakia mema lakini amekosea. Wakimbiaji wa kawaida, wale wa kukimbia kwa ajili ya afya, wamelinganishwa na wasiokimbia kabisa, na kuchakaa kwa magoti na nyonga kulikuwa kama watu 3 au 4 katika 100 kwa wakimbiaji, na 10 katika 100 kwa wakaaji. Wanaoumia ni wale wa kushindana kwa ngazi za juu, na wale walioumia ligamenti, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, au kile kijigegedu chenye umbo la mwezi mchanga kilicho katikati ya goti. Wewe ulipokuwa winga uliwahi kugongwa goti likavimba usiku ule ule? Kama ndiyo, huenda mzizi ni huo, wala si mbio.

Kusafisha goti: mwaka 2002, kule Houston, walichukua wagonjwa 180 wa magoti yaliyochakaa. Wengine wakasafishwa kweli, wengine wakachanjwa ngozi tu wakashonwa, bila mgonjwa kuambiwa yuko kundi lipi. Miaka miwili baadaye hakuna aliyemshinda mwenzake. Tangu hapo mtu akiniambia anasafisha goti lililochakaa namuuliza anatoa vumbi gani. Goti linalojifunga kwa sababu kuna kipande kimekatika humo, hilo ni jambo jingine, likakaguliwe na mtaalamu wa mifupa.

Sindano ya steroidi, dawa ya kupoza uvimbe, inazima moto kwa wiki kadhaa, na moja kwa goti lililowaka si dhambi. Ubaya ni mazoea. Mwaka 2017 zilitoka habari za watu waliochomwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili, wakalinganishwa na waliochomwa maji ya chumvi. Maumivu hayakupishana, ila gegedu la waliochomwa dawa lilikonda zaidi. Wewe umeshachomwa mbili. Ulitumia zile wiki sita za nafuu kufanya nini? Kama ulikaa unafurahi tu, ya tatu nayo utaifurahia hivyo hivyo.

Mlio usiokuja na maumivu wala uvimbe achana nao. Kuna daktari mmoja Marekani, Donald Unger, alikuwa anavunja vidole vya mkono wa kushoto kwa kuvipiga mlio, miaka zaidi ya 60, wa kulia akauacha. Mikono yote ikatoka sawa. Wakampa tuzo ya utani mwaka 2009. Mama yake ndiye aliyekuwa akimkataza utotoni.

FundiCherehani

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki ya tisa leo. Mzee wangu shikamoo.

Kwanza nilienda buchani. Jamaa aliniona mwendawazimu lakini akalifungua. Ni kweli halina damu. Nilisimama pale nalitelezesha kidole mpaka wateja wakaanza kulalamika. Nikalipiga picha nikampelekea mama, akasema mbona zuri hivi.

Kushawishi ilikuwa kazi. Alishaapa kwamba kila hatua inasaga. Nilimpelekea dodoki na beseni pale pale barazani, nikamfanyia kama ulivyoandika, akakaa kimya akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nalinyima." Nikalala kwake siku nne. Zoezi la kanga siku ya kwanza paja lilitetemeka kweli kama kuku, tukacheka wote mpaka kanga zikaviringuka zikaanguka. Mdogo wangu wa mwisho ndiye anamsimamia sasa, ana daftari anaandika. Wiki ya kwanza ya kaa-simama aliweza mara nne kwa nusu dakika, anavuta mikono ya kiti huku anamtaja kila mtu kwenye ukoo. Jumapili iliyopita: kumi, mikono imekunjwa kifuani. Uzito kilo 81. Chai sasa kijiko kimoja, hilo ndilo analonilaumu nalo.

Daktari mwingine alibadilisha dawa, akaacha zile za kumeza kila siku, anapaka. Goti bado linasaga karanga zake. Linamuuma akikaa muda mrefu na siku za baridi, lakini usiku analala. Anakwenda mwenyewe kwa jirani, yule yule wa bamia. Kopo la tatu halikuwa limefunguliwa, nikampigia yule bwana kuomba arudishe hata nusu ya hela, namba haipatikani. Mama amemwaga unga, kopo anahifadhia mbegu za maharage.

Sasa Mzee, ameniuliza swali na nimemwambia nitakuuliza wewe. Viazi vinakaribia. Anasema yeye anashuka shambani, hatuna wa kumzuia, anataka tu kujua abebe kiasi gani. Njia ya kwenda chini ni kama dakika ishirini, kuna sehemu imechimbwa ngazi za udongo.

MzeeWaViungo

Marahaba mwanangu. Kumi bila mikono! Mwambie nimesimama kumpigia makofi, na goti langu limepiga mlio.

Ashuke. Kushuka mikono mitupu, fimbo kushoto, na kwenye zile ngazi mguu mbovu utangulie chini, mzima ufuate. Kupanda ni kinyume: mzima kwanza. Mwezi wa kwanza abebe ndoo ndogo ya lita 10, tena isijae, na apumzike katikati ya njia hata kama hajachoka. Gunia abebe huyo mdogo wako mwenye daftari, ameandika vya kutosha.

Akifika chini anitumie picha ya shamba. Na wewe unanidai goti la mbuzi, au mimi ndiye nakudai?

SupuYaAsubuhi

Goti la mbuzi mleteeni mimi, nalifahamu linapopaswa kwenda.

Mzee kuhusu ubongo umenivunjia biashara, nilikuwa naufikiria.